Nambari Sita Zilizoenda kwa Mama Mkwe

Nilikosea. Wacha niseme hilo kwanza, kabla hujaanza kunionea huruma, maana nikieleza utadhani mwenye makosa ni benki, au simu, au majumba ya Nairobi. Makosa ni yangu mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili na tai tatu.

Mimi ni karani wa faili katika ofisi moja katikati ya jiji. Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo, na mtandao wa simu haufiki huko. Nyumbani Kabiria ni vilevile: tunakaa chini, magorofa mawili yametubana, na laini yangu haishiki mpaka nipande juu ya ndoo bafuni. Intaneti ya nyaya tunayo kote kuwili, kwa hivyo kuingia kwenye akaunti si shida. Shida ni zile nambari sita.

Unazijua. Ukitaka kulipa kitu, benki inakutumia nambari sita kwa ujumbe wa simu, na unatakiwa uziandike kabla ya dakika tatu kuisha. Basi mimi nilikuwa nabofya ofisini, nakimbia ngazi mpaka barabarani, nainua simu juu, nazipata, kisha narudi chini nikizitaja kwa sauti kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikifika kwenye kompyuta, muda umekwisha! Wauza soksi wa pale nje walinizoea. "Mzee wa namba ametoka!" walikuwa wakisema. Mmoja wao alikuwa akizishika haraka kuliko mimi.

Nikaenda benki. Dada wa kaunta, mpole kweli, akaniambia, "Kuna kifaa kidogo hivi, kinatoa namba chenyewe hata kama hakuna network. Unajaza fomu, unangoja wiki mbili. Ama tubadilishe, namba ziende kwa laini ingine inashika. Uko na bibi?"

"Niko naye."

"Laini yake inashika?"

Inashika! Laini ya mke wangu Mwende ni ya kampuni nyingine, inashika hata ndani ya kabati. Lakini ujumbe wa benki hauji na nambari peke yake, unakuja na jina la unayemlipa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na nyama choma yangu ya kila Alhamisi, siku ambayo Mwende anajua nabaki kazini kupanga faili. Tena nilikuwa nalipia koti la ngozi kidogo kidogo. Koti lenyewe nililificha ofisini, kwenye kabati la faili ambazo hakuna anayeziulizia. Nimelivaa mara nne, zote ndani ya chumba kile, mwenzangu akinisifu.

"Haishiki," nikamwambia dada.

Hapo ndipo nikajiona mjanja. Mama mkwe wangu anakaa Kangemi, gorofa ya juu, mtandao tele. Laini yake nilimnunulia mimi na nikaisajili kwa kitambulisho changu. Na zaidi ya yote, sisi ni Wakamba. Kwetu kuna nthoni, ile heshima ya ukwe: mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana. Siku hizi wengi wameacha. Mama mkwe wangu hajaacha. Nimeoa binti yake miaka tisa na sijawahi kumwona uso mzima.

Nikajiambia, huyu ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kuniuliza kitu! Nikaandikisha nambari yake bila kumwambia.

Mambo yakaenda vizuri, tena vizuri mno. Shemeji yangu Mutua ni fundi viatu, na simu ya mama ilikuwa ikikaa kibandani kwake ikichajiwa. Nilikuwa nampigia kwa intaneti, ananisomea nambari, nalipa, basi. Mwende nilimwambia benki wamenipa kile kifaa. Akafurahi maskini.

Kisha Mwende akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Jamani! Nafasi aliyoingoja tangu kabla ya mtoto wa kwanza. Karo tulikuwa tumeiweka pamoja kwenye akaunti yangu, na ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa kumi Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mwende alitaka twende benki mapema, Jumatatu. "Foleni ya nini?" nikamwambia. "Niachie mimi, ni dakika mbili."

Ijumaa saa nane mchana nikampigia Mutua.

"Niko Kitui, kuna matanga," akasema. "Simu ya mathe nilimrudishia. Si umuulize yeye?"

"Nitamuulizaje? Ni mama mkwe!"

"Aki pole, msee."

Benki ilikuwa mtaa wa pili. Narudia, mtaa wa pili! Lakini niliogopa wangeniuliza laini ile ni ya nani. Na nikimwomba Mwende azungumze na mamake, angeniuliza kile kifaa kiko wapi. Basi nikapanda gari la Kangemi kama mjinga.

Saa tisa na nusu nilikuwa nje ya mlango wa mama mkwe, nimejibanza kando ya pazia ili nisimwone. Jirani yake Bi Zuhura, mama wa Mombasa anayeuza viungo, alikuwa ameketi hapo nje akichambua iliki. Nikabofya kulipa karo kwenye simu yangu, nikamwomba aniulizie nambari kwa mama mkwe.

"Lakini akusikia, baba," akasema. "Hili ni pazia, si ukuta."

"Najua, Bi Zuhura. Ndiyo heshima yetu."

"Haya. Mama Mutua! Mkweo yupo hapa, ataka nambari zilizoingia simuni mwako."

Sauti ikatoka ndani. "Muulize kwanza, watoto hawajambo?"

"Auliza, watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Asema hawajambo."

Tukaenda hivyo. Watoto, kikohozi cha Mwende, baba yangu, mguu wa mama yangu, mvua ya Ukambani. Dakika tatu ziliisha tukiwa kwenye mvua.

Nikabofya mara ya pili, nambari zikaja upya. Mama mkwe akavaa miwani, akaanza kuusoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno. "Mpendwa mteja. Usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki, nambari hii..." Hapo akaishia. Nambari zenyewe ndizo zilizofuata!

"Zuhura, mwambie wamekataza."

"Si mtu baki, Mama Mutua. Ni mkweo."

"Kwani mkwe si mtu? Kanisani tulifunzwa. Hao matapeli wanakuja na sauti ya jamaa yako kabisa."

Saa kumi kasoro dakika nne nikabofya mara ya tatu. Na ole wangu, nikavuta lile pazia, nikaingia, nikamtazama mama mkwe usoni, nikampigia kelele: "Mama, ni mimi! Nisomee hizo nambari!"

Alipiga yowe, akajifunika leso usoni, na simu ikamtoka mkononi ikatumbukia kwenye sufuria ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Nikaiopoa. Nikaifuta kwa tai. Nambari zilionekana kwa shida katikati ya maharagwe, na mimi kwa haraka nikaandika saba mahali pa moja. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, benki ikaifunga akaunti mpaka Jumatatu.

"Mimi simo," akasema Bi Zuhura, na hakuondoka.

Mama mkwe akaitisha simu yake kupitia kwake, akampigia binti yake. Habari ya karo hakuitaja. Alisema tu, "Mume wako ameniona."

Mwende akaja na bodaboda mbio, akidhani mama ni mgonjwa. Akaichukua simu ikiwa bado inanuka chakula, akausoma ujumbe wa mwisho, kisha akaanza kurudi nyuma. Miezi saba yote. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Duka la makoti.

Mwende hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Ulitafuta mtu asiyeweza kukuuliza," akasema. "Mimi nimewahi kukuuliza nini kibaya?"

Jumatatu nilikwenda chuoni mwenyewe, nikawabembeleza mpaka mlinzi akanihurumia. Nafasi ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine. Mwende arudi mwakani aombe upya. Mwakani! Wazee walinitoza mbuzi kwa kumwona mama mkwe, nikamtoa. Koti nikaliuza kwa hasara. Mama mkwe alinisamehe, hata alinitumia salamu kupitia kwa Mutua. Hayo yote yalikuwa mepesi.

Ndugu zangu, kama unakaa mahali simu haishiki, nenda benki ukaulize kile kifaa, ungoje hizo wiki mbili, hutakufa! Usiandikishe laini ya mtu bila kumwambia. Usiache la Jumatatu mpaka Ijumaa. Na wewe mume mwenzangu unayesoma haya huku umegeuza simu ili mkeo asione, sikia onyo langu: hakuna tapeli atakayekuibia kama utakavyojiibia mwenyewe.

Siku hizi nambari zinaenda kwa laini ya Mwende. Nikitaka kulipa kitu, ananisomea kutoka jikoni, zote sita, kwa sauti safi, na dakika mbili zinabaki. Hajawahi kuniuliza ni za nini. Mimi hukaa pale kwenye kompyuta, nimeshamaliza kulipa, nikingoja aulize.