Nyumbu Aliyekataa Kufa

Leo nimemuua nyumbu kwa mshale. Tatizo mwenyewe hana habari.

Na nilishaalika ghorofa zima tunaloishi pale Joubert Park kwenye pilau la nyumbu!

Mshale hupigwa nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo, moyo ulipo. Mimi nikagonga mfupa wa bega. Ni upepo, msinicheke.

Akatimka.

Sipho, msoma nyayo wetu, akasema, "Eish, baba, huyo hafi leo."

Nikamwambia anyamaze.

Nusu saa baadaye tukamkuta anakula nyasi, mshale begani kama kalamu sikioni. Akanitazama, akaendelea kula.

Mke wangu akapiga simu: "Baba Zuhura, wageni wameshakaa. Nyumbu yuko wapi?"

"Njiani."

Sasa niko foleni, buchani. Wageni wangu, mkila leo, huyo ni nyumbu. Anayebisha asile.