Watu wa Leo

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni, upande wa wanawake wanaouza mihogo mikavu, nikasikia harufu ya tumbaku ya kunusa. Mama mmoja alikuwa akiisaga kwenye kijiwe, taratibu, unga mwekundu unapanda hewani. Nikapiga chafya tatu mfululizo, nikacheka, kisha nikajikuta nimeshika nguzo ya kibanda cha watu na machozi yananitiririka. Yule mama akaniuliza, "Mama, tumbaku imekuingia mu macho?" Nikamjibu ndiyo. Ninyi nitawaambia kweli yote.

Nkambo wangu alinusa tumbaku. Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Katanga. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu, na alishuka kutoka Kabalo, huko kaskazini, baada ya kumzika mume wake. Alituambia amekuja kukaa wiki mbili. Alikaa miaka miwili.

Wakati huo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Baba alitengeneza vyombo vya mvuke katika karakana ya reli, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Tulikuwa watu sita: Baba, Mama, kaka yangu Fidèle, mimi Ngoie, na pacha wawili wadogo ambao kazi yao ilikuwa kula na kupigana. Nkambo alikuwa wa saba, na huyo wa saba hakutakiwa kuwepo. Mtu mweusi hakukaa mjini bila karatasi. Mwanaume alipata karatasi kwa kazi yake, mwanamke kwa mume wake. Mjane mzee asiye na kazi alirudishwa kijijini. Kwa hiyo polisi walipopita mtaani Nkambo aliingia jikoni, akajifunika gunia la makaa, na sisi watoto tukaketi mlangoni kama watu wasio na neno. Mara moja alipiga chafya humo ndani ya gunia. Mama akapiga chafya nyingine hapo hapo, kubwa zaidi, na polisi akamwambia pole.

Ng'ambo ya ua wetu waliishi watu wa Kasai. Bwana wa nyumba tulimwita Baba Ntumba, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa karani katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, mtu mwembamba mwenye tai na miwani, na kazi yake ilikuwa kuandika katika buku kubwa nani analala nyumba gani. Mnaelewa, basi. Mtu ambaye angeweza kumfukuza Nkambo kwa mstari mmoja wa wino ndiye tuliyetengwa naye na ua wa majani tu. Na kila asubuhi alimsalimia juu ya ua ule. "Mama, umelala muzuri?" Naye Nkambo akajibu, "Nimelala, mwanangu. Weye je?" Kisha karani akaenda kazini kwa baiskeli.

Mke wake na Nkambo walipendana kwa namna ya ajabu. Kiluba cha kwetu na Kiluba cha Kasai ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili, kwa hiyo walielewana nusu, na ile nusu nyingine wakaichekea. Walibishana juu ya bukari, ugali wetu, yule anataka uchanganye mahindi na muhogo, huyu anasema muhogo unaharibu. Nkambo alimpelekea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kibuyu kilirudi na karanga. Mimi na Ntumba tulikuwa na umri mmoja, miaka tisa. Tulitumia sabuni moja na chawa wale wale.

Sasa niwaambie neno "Leo". Serikali ilikaa Léopoldville, mbali, siku nyingi za safari, na watu waliita mji ule Leo tu. Jumapili baada ya misa wanaume wa kaskazini walikutana uani kwetu kunywa, na maneno yalikuwa yale yale. Leo imepandisha kodi. Leo imekataza hiki. Shaba inatoka hapa, inapanda treni, na kwetu hairudi hata sufuria. Watu wa Leo wanatuletea makarani wao na mapolisi wao, waketi juu ya vichwa vyetu. Mimi nilisikiliza nikishangaa, kwa sababu nilidhani leo ni leo, siku hii tunayoishi. Siku moja nikauliza, "Baba, na serikali ya kesho iko wapi?" Wanaume walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe kwenye suruali. Baba naye alicheka, akanivuta akanikalisha gotini. Sikumbuki kuwaona wakicheka tena katika kikao kile.

Maana baadaye wanaume wa mji waliitwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, kuchagua wakubwa wa komini. Sisi watoto tuliona kama sikukuu. Hesabu ilipotoka, walioshinda wengi walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga, na kati yao watu wa Kasai. Jumapili iliyofuata Baba hakukaa. Alisimama, mikono yake ya mabaka imekunjwa kifuani. Hakuna aliyesema juu ya Wabelgiji, wala juu ya treni za shaba. Walisema juu ya nyumba ya pili. Nikamsikia Baba akisema, "Ule karani njo yeye jicho ya Leo. Inalala hapa, inatuangalia." Nilimjua Baba Ntumba kama mtu aliyetutengenezea kishada kwa karatasi za ofisi. Nikaanza kuiangalia miwani yake kwa woga.

Baba akatoa amri kwamba asisalimiwe mtu wa nyumba ile. Mama aliinamisha kichwa akatii. Nkambo hakutii. Nakumbuka alivyoligonga kopo lake la tumbaku kwenye goti, mara mbili, kabla ya kusema: "Mimi nimezika bwana na batoto batatu. Weye hautanionyesha mutu wa kusalimia. Jirani njo wa kwanza kusikia kilio yako." Kesho yake asubuhi alikuwa palepale uani, na karani akasimamisha baiskeli kama kawaida, ila safari hii alivua kofia.

Watu wawili wa Leo wenyewe walikuja katika miezi ya baridi, ile baridi yetu ya Katanga inayopasua midomo. Mmoja alikuwa Mzungu mrefu aliyebaki ndani ya gari. Wa pili alikuwa mwandishi wake, mtu mweusi kama sisi, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, Kiswahili kilichochanganyika na Lingala. Tulikuwa tunaruka kamba barabarani, mimi na Ntumba, bila Baba kujua. Mwandishi akachuchumaa mbele yetu, akainua suruali kwanza isichafuke magotini. Alikuwa na bonboni, pipi za karatasi ya kijani.

"Nani anajua kuhesabu hapa?"

Wiki ile sista wa shule alikuwa amenisifu darasani kwa hesabu. Nikasema mimi.

"Nyumbani kwenu munalala bantu ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole ili asidhani nabahatisha. "Saba."

"Saba! Na wa saba njo nani?"

Ntumba alinifinya mkono, kwa kucha. Nikamsukuma. Nikamwambia yule bwana kwamba wa saba ni Nkambo, kwamba anajua nyimbo za Kabalo, na kwamba polisi wakipita anaingia kwenye gunia la makaa. Alicheka sana, kicheko kizuri, akanipa bonboni ya pili. Kisha akamgeukia Ntumba. Ntumba akasema, "Sijui kuhesabu." Niliona haya kwa niaba yake. Binti wa karani, hajui kuhesabu!

Siku tatu baadaye, mchana, polisi walikuja moja kwa moja jikoni. Hawakutafuta popote pengine. Walilivuta gunia. Nkambo alitoka na vumbi la makaa kwenye nywele zake nyeupe, akaomba aruhusiwe kunawa uso, wakamkatalia. Mke wa karani alikimbia barabarani na shuka la sufi akamfunika mabegani, maana Nkambo alikuwa na kanga moja tu katika baridi ile. Alimfuata mpaka penye gari akimshika mkono. Baba alikuwa karakanani. Aliporudi, treni ya kaskazini ilikuwa imeondoka.

Hakuna aliyeuliza nani amesema. Buku lilikuwa la nani? Jibu lilikuwa ng'ambo ya ua.

Mimi? Mtaniuliza nilijua au sikujua. Nilijua kama mtoto anavyojua, yaani jambo lipo tumboni lakini halina jina. Asubuhi ya pili nilimkuta Ntumba bombani, zamu yake imefika, ndoo yake imejaa. Wanawake wa foleni walikuwa wamemwachia nafasi pande zote, kama mtu mwenye ukoma. Nikaipiga ndoo teke. Maji yakamwagikia miguu yake katika baridi ile, nami nikapiga kelele neno nililolisikia uani kwetu: "Mutu wa Leo! Rudi kwenu!" Wanawake wawili wakanipigia vigelegele. Ntumba angeweza kusema, mbele ya foleni nzima, nani alikula bonboni mbili. Aliinua ndoo yake, akanitazama, akarudi mwisho wa foleni kuanza upya.

Jumapili, wanaume wamejaa uani, Baba Ntumba aliingia lango letu. Alikuja bila tai. Nadhani ndiyo mara ya pekee nilipoiona shingo yake.

"Ndugu yangu," alimwambia Baba, "mu buku yangu niliandika sita. Miaka mbili naandika sita. Juzi banalinganisha buku yangu na maneno ya batoto. Banaona iko muongo. Bananifukuza kazi."

Mmoja wa wanaume akaweka kikombe chake chini.

"Sikuja kuomba kitu," akasema. "Nilitaka tu ujue, ule mama hakutolewa na mukono yangu."

Baba hakumtazama. Alitutazama sisi, watoto tuliopangwa ukutani: Fidèle, pacha, mimi. Aliponifikia nilitazama chini, nikaangalia chungu wanavyobeba punje ya mahindi. Naona chungu wale mpaka sasa.

Kisha nikasikia sauti ya Baba. "Muongo. Mutu wa Leo. Toka kwangu."

Wanaume wakaitikia. Mmoja akaokota jiwe, na kwa sababu mmoja aliokota wengine wakaokota. Yule karani aliondoka bila kukimbia, mawe yakigonga bati la nyumba yake mchana kweupe, watu wakiwa bado na nguo za misa. Baba hakutupa hata jiwe moja. Hakumzuia mtu pia.

Waliondoka wiki ile, na magodoro yao juu ya lori. Mama alitoka hadi uani na kibuyu cha munkoyo, akasimama nacho, hakuvuka. Ntumba alikaa juu ya furushi akiangalia upande mwingine.

Nkambo hakufika Kabalo mzima. Padri wa misheni aliandika barua kwamba alishuka treni akiwa na homa ya kifua, akaishi siku tisa. Vitu alivyoacha, aliandika, ni kopo moja na shuka moja la sufi, na shuka lile walimzika nalo.

Miaka iliyofuata mji wetu ulijifunza maneno yale ya uani vizuri kupita kiasi. Majirani wengi walipandishwa treni kwa nguvu, na mawe yalikuwa mwanzo tu. Kila niliposikia "rudi kwenu" nilitambua sauti yangu mwenyewe. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, na siri yangu niliiweka ndani kama mwiba uliokwisha kufunikwa na ngozi. Niliamini ni yangu peke yangu.

Baba alipozeeka mapafu yalimwishia, nami nilikuwa namwosha. Asubuhi moja, nikimsugua ile mikono ya mabaka, akasema bila mwanzo, "Baba Ntumba alisema kweli."

Nikaendelea kusugua.

"Nilijua siku ile ile. Niliangalia uso yako."

"Baba, kwa nini basi?"

Alivuta pumzi kwa taabu. "Leo iko mbali, Ngoie. Hasira yangu haikufika kule. Ilibaki weye na yeye. Nitupe mutoto yangu mbele ya bantu?" Akafumba macho. "Alikuwa ananiita ndugu."

Hakuna lingine alilosema juu ya jambo hilo, na mwezi haukuisha tukamzika. Nilikuwa nimemhukumu moyoni muda wote ule kwa chuki yake, kumbe kitu nilichokiona kama chuki uani pale kilikuwa pia upendo, na upendo huo ulilipiwa na mtu mwingine. Niliandika barua Kasai mara tatu, kwa Ntumba, bila kujua mtaa wala mume aliyemwoa. Zote tatu zilirudi. Ninajua nilichokuwa nimeandika, ni maneno machache tu: kwamba yeye alijua kuhesabu, na mimi sikujua.