Friji ya Mume Wangu

Mume wangu ana kompyuta ya mezani, kubwa, yenye sanduku jeusi linalonguruma chini ya meza. Aliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, na bisibisi yake hukaa palepale kwenye droo. Anafanya kazi ghalani kwenye kitongoji cha Ingleburn, huku ughaibuni tunakoishi, na kitu asichoweza kukifungua hakiamini. Mimi nilikuwa na laptopu nyembamba. Uuguzi niliusomea kwenye treni kutoka Doonside, kitandani, jikoni maji ya ugali yakichemka. Sasa mtu wa kusoma hivyo atabeba kabati? Yeye aliita yangu sahani, mimi nikaita yake friji, na sijui nilimwambia mara ngapi aniondolee hilo dude sebuleni.

Sebule yangu ni ya mama wa Kikenya, jamani: kila kitu kina kitambaa cha kufuma. Makochi, runinga, hata laptopu niliifumia chake, cha uzi mzito wa rangi ya maziwa. Friji alikataa katakata isifunikwe.

"Mama, mashine inapumua," aliniambia.

Nikamjibu asiniletee mambo ya mafundi.

Mwaka wa pili wa korona tulifungiwa ndani, na mtihani wangu wa mwisho ukawa wa kufanyia nyumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera. Nilikuwa nimeanguka mara moja. Nikianguka tena, basi, miaka mitatu ya kuosha wazee wa watu huku nikisoma imeenda bure.

Asubuhi hiyo niliiwasha laptopu mapema, nikaiweka kwenye kochi, na kwa mazoea nikaifunika, kitambaa nimekikunja mara mbili, vumbi lisiingie. Nikaenda kuoga na kuomba. Niliporudi, binti yetu alikuwa ameweka kiganja juu ya kitambaa. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba inachoma. Nikaifungua: kioo cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza. Wapi! Zimebaki dakika kumi na mbili, maduka yamefungwa, kwa jirani hakuingiliki. Nililia kwa sauti, haki ya Mungu.

Mume wangu alikitazama kile kitambaa, kisha akanitazama mimi. Akavuta kiti chake. Akaiwasha friji, akafuta kwa pindo la shati ile kamera aliyoinunua kwa ajili ya ibada za mtandaoni, akaandika anwani ya mtihani nikimsomea.

"Kaa hapa, mama. Bado una dakika nne."

Nilifanya mtihani wote lile sanduku likinguruma miguuni pangu, naye amekaa jikoni na binti yetu, kimya, hata chai hawakukoroga.

Nilifaulu. Wiki hiyohiyo nikafuma kitambaa kipya, kikubwa kuliko vyote, nikakitandika kwenye kiti chake. Friji sikuigusa.

Namshukuru kwa ile mashine. Lakini zaidi namshukuru kwamba mpaka leo hajanikumbusha kwamba aliniambia inapumua, hata siku tunayogombana. Ingekuwa mimi, ningemwimbia kila asubuhi.