Vitufe Vitatu vya Mama Cherehani

Katibu muhtasi wa ofisi ya maji walimwita Mama Cherehani kwa jinsi alivyochapa: vidole vikianza kukimbia, ungedhani mtu anashona sare za shule nzima. Alichokuwa hajamwambia mtu pale ofisini ni kwamba kwa miaka miwili sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kipanya alishakiacha, maana mshale wake hakuuona. Kila kitu alikifanya kwa kukariri vitufe. Akibonyeza Kontroli, Alt na M kwa pamoja, muhtasari wa vikao ulifunguka wenyewe, na yeye akaendelea kama mtu mwenye macho ya mwewe.

Jumatano hiyo wakuu wa idara walikuwa wameshajaa ukumbini, kompyuta yake imeunganishwa kwenye skrini kubwa ukutani.

"Mama Cherehani, tuwekee muhtasari wa kikao kilichopita," meneja akasema.

Akabonyeza. Akasimama, akakohoa kidogo. "Kama mnavyoona wenyewe, ukurasa wa kwanza..."

Hakuna aliyeona ukurasa wowote. Kutoka kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke analia.

"Dada, nimekwisha. Siioni hata sura ya mtu aliye mbele yangu. Wakijua hapa kazini, kesho tu nimerudishwa nyumbani."

Mama Cherehani aliduwaa. Sauti ilikuwa yake! Maneno ni yale yale aliyomwambia dada yake kwenye simu asubuhi ile, mlango ukiwa umefungwa. Akabonyeza tena vile vitufe kwa pupa, na sauti ikaanza upya: "Dada, nimekwisha..."

Fundi wa kompyuta, binti aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliruka akachomoa waya wa spika. Mhasibu kashika mdomo. Meneja kasimama, kalamu imemdondoka.

"Mama," fundi akauliza taratibu, "umebonyeza nini?"

"Vile vile vya siku zote, mwanangu. Kontroli, Alt, M."

Fundi akainamia kompyuta, akapekua mipangilio, kisha akajishika kichwa. "Yarabi! Kosa ni langu. Juzi niliweka programu ya kurekodi vikao. Imekuja na vitufe vyake, na imevinyakua hivyo hivyo vyako. Ukibonyeza mara ya kwanza, inarekodi. Mara ya pili, inacheza ilichorekodi, na ukirudia tena inaanza upya. Asubuhi ulivibonyeza?"

"Nilijaribu kabla ya kikao. Sikuona kitu kikifunguka, nikadhani kompyuta ina uvivu wake. Mara dada akapiga simu."

Asubuhi ile skrini ilikuwa imeonyesha alama nyekundu ya kurekodi, ndogo kama punje ya mtama. Mwingine yeyote angeiona.

Meneja akamgeukia. "Miaka yote hii, barua zote zile bila kosa hata moja... ulikuwa huoni?"

"Vidole vilikuwa vinaona, bosi." Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Unakwenda wapi?"

"Si nyumbani?"

"Hospitali!" meneja akafoka, naye mwenyewe akashtukia alivyofoka. "Kaa kwanza unywe maji. Dereva atakupeleka."

Fundi aliviondoa vile vitufe kwenye programu ya kurekodi, akavirudisha kwenye muhtasari, akamshika mama mkono, wakavijaribu pamoja mara tatu. Kila mara ukafunguka muhtasari. Ndipo Mama Cherehani akaingia garini.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba unaondolewa kwa upasuaji. Wakaanza na jicho la kulia. Wiki mbili baadaye alirudi kazini, akafungua mlango wa meneja kumsalimu, akaganda pale kizingitini.

"Bosi! Hizo mvi zote umezitoa wapi?"

Meneja alicheka mpaka mhasibu akaja kuchungulia.