Ikilia, Kimbia

"Mume wangu Hija akibonyeza kitufe kule botini kabla muda haujaisha, king'ora hiki kinatakiwa kinyamaze! Mbona kinalia?" Ummy alimfokea fundi wa kompyuta. "Nimekimbilia gatini mpaka watu wananicheka. Siku akizama kweli, nani atatoka kumwokoa?" Fundi alikuwa amekunja miguu juu ya kiti cha ofisi ya wazamiaji, anatafuna mfuniko wa kalamu, pua karibu iguse kioo. "Ngoja kidogo, dada," akasema, kama anabembeleza mtoto wa mwenzake. Ndivyo alivyojibu tangu asubuhi. Mara king'ora kikalia. Ummy akaruka, yule bwana akapiga makofi. "Nimekukamata! Hija anabonyeza dakika ya mwisho, mfumo unarudisha saa mwanzo huku amri ya kengele imeshatoka!" Macho yalimng'aa kama kavua nguru. Ummy alitamani kumchapa kandambili. Fundi akagongagonga kompyuta weee, kisha akashika redio. "Hija, bonyeza dakika ya mwisho." Kimya. "Tena." Kimya. "Sasa usibonyeze." Kikalia. Akaipachika kalamu sikioni. "Haya dada, kuanzia sasa kengele ikilia, kimbia," akasema, akadandia bodaboda kwenda Baleni kutengeneza spika za msikiti.