Kona ya Mwalimu

Wiki iliyopita nilipanda Muyinga kutafuta avoka. Mi ni mfanyabiashara wa Nyamugari, Gitega. Nikitajiwa bei nacheka kwanza, halafu ndiyo tunaanza kuzungumza. Lakini mama aliyeniletea kikapu safari hii alikuwa jirani wa bibi yangu, yule wa chini ya shamba letu, na alipotaja bei nilikubali hapo hapo. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe asiyekula.

"Binti, we mgonjwa?"

Si ugonjwa, rafiki yangu. Ni kwamba avoka zile zilichumwa pembeni ya mtaro, pale unapojipinda, na ule mpindo ulitoka wapi ninajua mimi peke yangu.

Ngoja nikurudishe nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, kama si kumi, nimepelekwa kuishi kwa bibi huko huko Muyinga, kilimani, ilipopiga ile mvua ya mawe. Ulianza upepo ukang'oa mabati ya shule, halafu mbingu ikamwaga mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Alasiri moja tu. Ilipokwisha, migomba yote ilikuwa imelala upande mmoja kama watu wa msibani, na udongo wetu mwekundu ulikuwa umeshuka bondeni kufunika mpunga. Kilima kizima kilinuka kama mboga iliyokatwa ikasahauliwa. Kwa majuma tulikula ndizi mbichi za kuokota, zilizochemshwa na chumvi kidogo, asubuhi na jioni, hadi nikazichukia. Kosa halikuwa lao.

Hatukuona gari la msaada likipanda. Watu wa kilima wakakaa, wakakubaliana: kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe moja, mitaro ichimbwe kukata mteremko, na ukingoni upandwe urubingo, yale majani marefu ya ng'ombe ambayo mizizi yake hushika udongo kama vidole. Aliyebaki na mashina ya urubingo aliwagawia wenzake. Aliyebaki na kokwa za avoka aliotesha miche kwenye vibuyu vilivyovunjika. Bibi alikuwa akisema, "Maji hayana adabu. Ukiyaachia mlango, yanaingia na viatu."

Kuonyesha mtaro upite wapi ilikuwa kazi ya mwalimu wa shule ya pale. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania alikokulia, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na alikuja na fimbo tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Kamba ikitulia kwenye alama ya fimbo ya kulala, miguu miwili iko sawa, maji hayatakimbilia upande wowote. Akipata mahali, sisi watoto tunapigilia kigingi. Wengi hawakumwamini. Mtu aliyevuka mpaka juzi atufundishe kilima chetu kwa jiwe la kuning'inia? Lakini alikwenda hatua kwa hatua, bila kelele, na watu wakamfuata.

Mstari wake ukapita kwenye mibuni ya bibi. Dhoruba ilimwachia mibuni kumi na moja. Niliihesabu mara mbili. Mitatu ilitakiwa kung'olewa. Bibi hakubisha mbele za watu, ila nilimsikia jikoni akiiambia sufuria, "Hiyo mitatu ikitoka, chumvi na sabuni tutaviona kwa majirani."

Kesho yake mwalimu alikuwa upande wa pili wa kilima akipima. Wakubwa walipokaa kunywa uji wa mtama, nilichukua vigingi sita nikavishusha upande wa chini wa mibuni, kila kimoja hatua mbili. Nilijiona mjanja. Ilikuwa biashara yangu ya kwanza, na nilidhani nimepata.

Wakachimba wakifuata vigingi. Nayasikia bado yale majembe, na mama mmoja akimtania mumewe kwamba anachimba kama anayemkuna mkwe mgongo.

Mvua kubwa iliyofuata ikakusanyika pale nilipopashusha, ikajaa, ikapasua ukingo, ikaingia kwa jirani wa chini, huyu huyu mama wa kikapu. Ilibeba maharage yake yote, yaliyokuwa yameanza maua, na ukuta wa jiko. Iliingia na viatu.

Asubuhi watu walikusanyika. Mwalimu akasimamisha fimbo zake mtaroni, na jiwe likaenda pembeni kabisa. Akavitazama vigingi. Akaitazama mibuni, yote kumi na moja. Nadhani alielewa. Mzee mmoja akasema, "Alors, basi mwalimu, hizo fimbo zako zimezoea udongo wa Tanzania." Watu wakacheka. Mi pia nilicheka, na sikuwa nimechekeshwa.

Angeweza kusema vigingi vimehamishwa. Lakini nyumba na nyumba zingeanza kutazamana, na nani angerudi na jembe? Akasema tu, "Basi nimekosea mimi. Tuzibe, tuendelee."

Tukainua ukingo, tukapanda urubingo mistari miwili, mpindo ukabaki. Kazi haikusimama. Fimbo tu walimpa mtu mwingine, na mwalimu akashika jembe kama wote. Siku ile bibi alinitazama, akatazama mibuni, kisha akajaza kikapu mbegu zake za maharage akapeleka kwa jirani. Hakuniuliza kitu hadi alipofariki.

Mwalimu alihama baadaye. Nilimwona mara moja tu, sokoni Gitega, nikiwa mtu mzima mwenye meza yangu, yeye akiulizia chumvi meza ya pili. Mi ambaye sijawahi kumkimbia mteja, niliinama nikajifanya natafuta kisu hadi akaondoka. Miaka ikapita, nikasikia amezikwa Makebuko.

Basi wiki iliyopita nikamwambia mama jirani, pale pale juu ya kikapu. "Vile vigingi, mama. Ni mimi niliyevihamisha."

Aliendelea kupanga avoka. "Arusi ya mwanangu wa kwanza, mwalimu alikuja," akasema mwishowe. "Nikamtania mbele ya wageni, nikasema asiguse nguzo za turubai, litaanguka. Akacheka na sisi." Akafuta avoka moja kwa khanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sasa we unaniletea mimi hii habari. Nimpelekee nani?"

Nikafungua gunia, nikaanza kuhamisha avoka moja moja.

Kilima siku hizi ni kijani hadi juu. Bibi hayupo, mibuni ilizeeka ikang'olewa yote, na zile fimbo tatu hakuna ajuaye zilikoishia. Umebaki mpindo, na urubingo wake ni mnene kuliko popote, kwa sababu maji hupumzika pale.

Nikiwa nafunga magunia, mkwe mdogo wa mama jirani, aliyeolewa hapo mwaka jana, alitoka na mundu akauliza akate wapi majani ya mbuzi.

"Pale kona ya..." Mama akanitazama, akanyoosha mkono. "Pale."

"Eeh, kona ya mwalimu," akasema yule binti, ambaye hajawahi kumwona mwalimu, akashuka zake.