Taa ya Kawetele Haizimwi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja pale Makandana, nimechoka kujigeuzageuza kwenye benchi. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani, mama mmoja wa Kawetele alikuwa akifikicha macho.

"Silali, daktari. Nikifumba, nafumbua."

"Chumbani kuna taa gani?"

"Ile nyeupe, kali. Si tumevuta umeme!"

"Unaizima saa ngapi?"

"Kuizima?" Alimtazama kama kaambiwa achinje ng'ombe wa maziwa.

Daktari akamweleza kwamba mwanga ule una bluu nyingi, unaudanganya mwili kuwa bado mchana, usingizi unagoma. "Zima, mama, utalala."

Mama akashusha sauti, lakini tulisikia wote: "Nikizima, jirani atasema nimekatiwa umeme."

"Basi weka pazia zito."

"Sasa nikiweka pazia, ataionaje?"

Benchi zima likacheka, isipokuwa mwanamke aliyefika nyuma yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jirani mwenyewe ndiye mimi," akaninong'oneza. "Taa yake inanimulika mpaka kitandani. Jumamosi nafunga yangu, tena kali kuliko ile."

Giza zuri la kulalia bado lipo tele Kawetele. Ila hakuna anayekubali kuonekana nalo.